Siku Mizani Yangu ya Shaba Ilipokwenda Kliniki

Kuna watu pale Silanga ambao mpaka leo wakiniona napita wanainua mkono mmoja juu kama wameshika ndoano, wanafinya jicho kama mtu anayesoma nambari, halafu wanaangaliana na kucheka. Wengine hata hawajui wanacheka nini, wameiga tu. Basi nimeona heri niieleze aibu hii mwenyewe, kwa mdomo wangu na kwa kalamu ya binti yangu Loice (mimi niliacha shule darasa la tatu, herufi zinanichosha, lakini nambari nazijua zote na hakuna mtu amewahi kunidanganya kwa nambari), kwa sababu ile hadithi inayozunguka huko nje imetiwa chumvi, eti nililia. Sikulia. Nilipenga kamasi tu.

Jina langu ni Jotham. Nilikuja Nairobi kutoka Vihiga nikiwa na shati moja, nikasukuma mkokoteni, nikaokota vyuma, nikauza, nikaokota tena, na leo nina yadi yangu ya vyuma kuukuu huko Silanga, Kibera, na nyumba ya mawe Kawangware, upande ule unaopakana na Riruta, niliyoisimamia mwenyewe mpaka bati la mwisho. Sisemi haya kwa kujigamba (ni kwa kujigamba kidogo). Nasema ili mjue mtu aliyeaibika alikuwa mtu wa namna gani. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Yadini nikisema kilo tano, ni kilo tano, na hakuna wa kuuliza.

Mke wangu ni Dina, mama Loice, mshonaji. Gauni za kwaya mnazoziona Jumapili huko kwetu, nyingi zimepita mikononi mwake. Figo zake zilipokataa kazi walimweka kwanza kwenye ile mashine ya hospitalini ya kusafisha damu, mpira umeingia shingoni, na kila akirudi nyumbani alikuwa amechoka kama mtu aliyelimishwa shamba la jirani. Cherehani ikafunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa naingia ndani naona kile kitambaa natoka tena nje, bila kazi yoyote ya kufanya huko nje.

Halafu daktari mmoja, kijana mwembamba, akatuambia kuna njia ya kusafisha kwa tumbo. Unatia maji maalumu tumboni kupitia mrija, unayaacha saa kadhaa yavute uchafu, unayatoa, unatia mengine, mara nne kwa siku, nyumbani kwako. Aliposema “nyumbani” mke wangu alishasimama.

Sasa mimi nilitarajia operesheni ya kutisha. Kumbe zamani ndipo walipokuwa wakipasua na kumlaza mtu usingizi kabisa. Siku hizi, akatueleza, wanaganzisha mahali padogo chini ya kitovu, wanachungulia ndani kwa kile kifaa cha picha kinachowapima akina mama wajawazito, wanapitisha mrija kwenye tundu lisilozidi kifungo cha koti, na mgonjwa yuko macho anapiga gumzo. Na kweli Dina alipiga gumzo. Alimuuliza daktari kama ameoa, daktari akasema bado, akamwambia basi mkono wako usitetemeke, nina binti. (Loice hataki niandikishe hilo lakini nimemwambia aandike.) Hata saa moja haikuisha, wakasema tayari.

Mimi sikupenda. Nimeishi na mafundi maisha yangu yote na kazi ya haraka naijua. Nikamwambia, “Daktari, hiyo umeifanya upesi sana.”

Akacheka. “Mzee, ndiyo maendeleo hayo.”

Lakini moyoni nikauwekea ule mrija alama. Nikasema huu siku moja utaleta maneno.

Sista Wambui ndiye aliyetufundisha. Mwanamke wa sauti ndogo na macho makali. Osha mikono mpaka kwenye kiwiko, vaa maski, funga dirisha, mtu asiingie hata kama ni pasta, mfuko wa maji safi ning'iniza juu, mfuko mtupu weka chini, na ukishatoa maji ya tumboni yapime, uandike kwenye daftari. “Mkitia lita mbili,” akasema, “zitoke lita mbili na kitu juu. Hicho kitu cha juu ndiyo yale maji figo zingetoa. Yakitoka pungufu siku nyingi, mnipigie. Na mnunue mizani ndogo ya betri, ile ya kupimia unga wa keki.”

Hapo ndipo nilipojiharibia. Mizani ya keki. Mimi.

Nikamuuliza, “Sista, unajua mimi nafanya kazi gani?”

“Sijui, mzee.”

“Nimekuwa nikipima vitu tangu kabla hujazaliwa. Mizani ninayo. Inajulikana Kibera nzima.”

“Sawa basi, bora iwe sahihi,” akasema, akaendelea na mambo yake.

Niliitoa yadini ile mizani yangu ndogo ya kuning'iniza, yenye uso wa saa na mshale, ninayoitumia kupimia shaba na vitu vingine vya uzito mdogo na thamani kubwa, nikaipangusa kwa spiriti, nikaitundikia ndoano kwenye boriti ya chumba cha kulala, na yadini nikabaki na ile kubwa. Kusema ukweli nilijisikia vizuri sana. Kwenye maradhi ya figo mwanamume hana pa kushika, huwezi kuikemea figo, huwezi kuilipa ikatulia, lakini kupima naweza. Mara nne kwa siku Dina akimaliza kutoa maji, mimi nauinua mfuko, nautundika, nafinya jicho, nasoma, naandika. Nilikuwa natoka Silanga adhuhuri narudi Kawangware ili nipime, halafu narudi kazini. Watu wa yadi wakadhani nina mke mwingine.

Lakini nambari zilikuwa mbaya. Tunatia lita mbili, yaani kilo mbili za maji, inatoka kilo moja na gramu mia tisa. Kesho, moja na mia nane na hamsini. Siku zote pungufu, pungufu, pungufu. Sikusema “mizani”. Nilisema, “Si niliwaambia? Huo mrija umewekwa mbio mbio.”

Nikampigia Sista. Akauliza kama mama amevimba. Hakuvimba. Akauliza kama anaenda choo vizuri, kwa sababu tumbo likifunga, utumbo huusukuma mrija ukakaa vibaya. Nikasema hilo niachie. Na hapo wenzangu nikamlisha mwanamke yule mrenda, ile mboga ya kijani inayoteleza na kulainisha tumbo. Mrenda asubuhi, mrenda jioni, papai katikati, siku kumi na moja. Alikuwa akikaa kwenye cherehani dakika tano anainuka anakimbia. Nikamwambia alalie ubavu wa kushoto maji yakitoka, alalie wa kulia, asimame, atembee chumbani kama askari. Alifanya yote. Nikauliza, “Umeyatoa yote, mama Loice?” Akasema, “Baba Loice, nimeyatoa mpaka ya ubatizo.”

Nambari zikabaki vile vile. Kliniki wakampima uzito, ameongezeka kidogo (alikuwa ameanza kula, na mapishi ni yangu), nao wakalinganisha na daftari langu wakasema ndiyo, maji yanabaki mwilini, wacha tuongeze mfuko mmoja ule wa sukari nyingi unaovuta kwa nguvu. Ukavuta kweli. Miguu ikawa inamkaza mpaka anauma kanga. Jumapili moja, kwaya yao ikiwa katikati ya wimbo, niliona gauni lake linayumba, wanawake wa sauti ya pili wakamdaka mikono huku wakiendelea kuimba, na mimi nikiwa kwenye kiti changu cha mzee wa kanisa nikaulaani ule mrija mbele ya madhabahu.

Basi daktari akapiga picha ya tumbo. Mrija ulionekana umekaa vizuri. Akakuna kichwa. Akasema, “Picha haioni kila kitu. Inawezekana mafuta ya tumbo yameukumbatia. Alhamisi tutaingiza kamera ndogo tuangalie. Ukiwa haurekebishiki tutautoa, mama arudi kwa mashine ya damu.”

 Dina alishika kola yake, pale palipokuwa na ule mpira wa shingoni, akafunga kifungo cha juu.

Jumatano, siku moja kabla ya hiyo kamera, Sista akatuita twende na daftari na mizani. Kliniki ilikuwa imejaa, wagonjwa wapya na watu wao wamekaa kwenye mabenchi wanangoja kufundishwa. Na nani kakaa benchi la mbele karibu na mumewe aliyekonda? Mama Akinyi wa Silanga. Mwanamke huyu ameniuzia shaba ya nyaya miaka mingi, na kila mara amelalamika kwamba shaba yake kwa muuza maharagwe jirani yake ina uzito huu, ikifika kwangu ina uzito mwingine, nami siku zote nimemwambia kwamba shaba iliyochomwa huendelea kukauka njiani. Tukasalimiana. Nilimpa pole ya mumewe, akanipa pole ya mke wangu, akaiangalia ile mizani mkononi mwangu muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

Sista akafungua daftari langu akaliinua. “Muone huyu mzee. Hajaruka hata siku moja. Mara nne kwa siku, tangu mwanzo. Mngekuwa wote hivi ningelala vizuri.” Watu wakanigeukia. Jamani, mtu ambaye hajawahi kusifiwa daftari lake na mwalimu yeyote, mnafikiri alifanya nini? Nilisimama bila kuitwa. Nikasema, “Sista, kama unataka niwaonyeshe vile tunapima, mimi sina haraka.”

Akasema haya, mzee, waonyeshe.

Nikaitundika mizani kwenye chuma cha kuning'inizia dawa. Nikatoa hotuba. Nikawaambia siri ya kupima ni kutulia, mfuko usicheze, jicho liwe sawa na mshale, na mtu asikubali kuambiwa nambari na mwingine, asome mwenyewe. (Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.) Nikawaambia mtu anayepima ndiye anayeshika uhai wa mgonjwa. Dina alikuwa amekaa pembeni na kwa mara ya kwanza kwa wiki nzima nikaona anatabasamu, ananionea fahari.

Sista akaleta mfuko mpya, haujafunguliwa, umeandikwa lita mbili ubavuni kwa nambari kubwa hata mimi nimezisoma, akaniambia tuanze na huu ili waone kitu ambacho uzito wake unajulikana. Nikautundika. Nikatulia. Nikafinya jicho.

Moja na gramu mia saba.

Nikautoa, nikautundika tena. Moja na mia saba. Sista akasogea, akasoma mwenyewe, vile nilivyokuwa nimewafundisha watu. Pale benchini nikasikia mtu anamenya ndizi.

“Mzee,” akasema polepole, “mizani yako ina shida.”

Na Mama Akinyi, bila kuinuka, bila kupandisha sauti: “Haina shida, sista. Inafanya tu kazi venye aliitengeneza.”

Wenzangu, damu ilinishuka ikarudi ikashuka tena. Kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka. Si kwamba nilikuwa nimesahau kabisa. Ni kwamba akili yangu ya yadi na akili yangu ya nyumbani zilikuwa vyumba viwili na sikuwahi kutoboa mlango kati yao. Nilipokuwa naanza biashara niliifungua mizani ile nikaongeza springi ndogo ya pili ndani, kama walivyofanya wenzangu wengi wa wakati ule, ipunguze kidogo tu kwa kila kilo ninayonunua, na miaka ikapita, mshale ukasema, watu wakakubali, mpaka hata mimi mwenyewe nikaanza kuiamini.

Nikajaribu kuponyoka. Nikasema, “Labda ilianguka.”

“Lini?” Sista akauliza. Na sauti yake haikuwa ya kunisuta, ndiyo iliyoniumiza. Akaweka daftari mezani akanikazia yale macho. “Fikiria vizuri, mzee, hili ni jambo kubwa. Kama ilianguka juzi, basi nambari za mwanzo ni za kweli, maji yanabaki tumboni, na kesho tunaingia na kamera. Kama imekuwa hivi tangu siku ya kwanza, hakuna maji yaliyopotea, mrija ni mzima, na tumekuwa tukimkausha mama bure. Ni ipi?”

“Tangu siku ya kwanza,” nikasema.

“Una hakika? Mizani ya zamani inaweza kulegea wakati wowote. Unajuaje haikuharibika wiki jana?”

Hapo nikaona ukuta. Kuna jibu moja tu la swali hilo. Nikaangalia benchi, watu kama ishirini, Mama Akinyi ameweka mikono mapajani kama yuko kanisani, na pembeni Dina ameshika kola yake tena. Ningeweza kubaki mwanamume wa heshima mbele ya watu ishirini, na kesho yake mke wangu akafunguliwa tumbo kwa sababu ya heshima hiyo.

Nikasema, “Najua kwa sababu niliipunguza mimi. Kwa mkono wangu. Kabla Loice hajazaliwa. Kuna springi ya pili ndani, na haijawahi kubadilika hata gramu moja.” (Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho, nadhani fundi ndani yangu alitaka ijulikane kazi ilikuwa nzuri.)

Mzee mmoja wa nyuma akasema, “Ai.” Basi. Hilo tu.

Sista alifumba macho, akayafumbua, akaenda kuleta mizani ya keki. Maji yaliyokuwa tumboni mwa Dina yakatolewa hapo hapo nyuma ya pazia, yakapimwa na Sista, yakapimwa na daktari, na yalizidi lita mbili vizuri kabisa, yamezidi kama inavyotakiwa. Daktari kijana akafuta kamera ya Alhamisi. Akaondoa mfuko wa sukari nyingi. Akaniangalia, nami nikamwambia mbele ya wote kwamba mrija aliuweka vyema na upesi wake haukuwa na kosa. Akasema, “Asante, mzee,” na kwa kweli alionekana amefurahi kuliko nilivyotegemea.

Dina alitoka nyuma ya pazia anafunga kanga. Alinitazama vile anavyotazama pindo lililoshonwa kombo. Benchi zima linangoja. Akasema:

“Kwa hivyo ule mrenda?”

Kicheko kilichotoka kwenye lile benchi, sijawahi kukisikia hospitali yoyote. Mume wa Mama Akinyi, mgonjwa, alicheka mpaka akashikwa mabega. Na ndipo nilipopenga kamasi.

Lakini Dina hakucheka sana. Tulirudi Kawangware, na tulipofika akakaa kwenye cherehani bila kushona, akaniambia jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Akasema, “Unajua nilikuwa nausemesha mwili wangu? Usiku nauuliza, wewe, hata maji ya bure yanakushinda kutoa? Nilimwomba Mungu msamaha kwamba nimepewa dawa nzuri na mwili wangu unaikataa. Kumbe ni springi.”

 Nilitaka kumwambia kwamba nyumba hii anayokaa, na hiyo cherehani, springi ile ilichangia. Nikaona si wakati wake, na nikifikiri zaidi nikaona hautakuwa wakati wake kamwe. Nikamwambia tu, “Nisamehe, Dina.” Huwa simwiti Dina. Akasema, “Pika kitu kisicho cha kijani.”

Nilipika wali.

Kesho yake nilikwenda Silanga, nikaifungua mizani mbele ya watu wa yadi, nikaitoa springi, nikaitupa kwenye rundo la vyuma. Hakuna aliyenipigia makofi. Mama Akinyi alileta shaba yake, nikapima, akasoma mwenyewe, akauliza kama shaba imeacha kukauka njiani. Nikasema imeacha. Akasema basi nimfundishe kutundika mfuko wa mumewe, kwa sababu ile hotuba yangu, ukiondoa mizani, ilikuwa nzuri. Nilikwenda kwake jioni mbili nikamfundisha. Watu wanaoinua mkono wakifinya jicho nimewaacha. Aibu hiyo nimeinunua mwenyewe.

Ninachowaambia ni hiki, na sikukisoma popote. Kitu ulichokiharibu ili kiwapunje wengine usikiingize kwako ukitegemea kitakutambua. Hakitakutambua. Mimi nimeapa kwamba katika umri nilio nao sitagusa tena springi ya mizani, na kwamba mtu mwenye sauti ndogo akiniambia ninunue kitu cha keki, nitanunua cha keki.

Dina anashona tena. Miguu haimkazi, na kwaya imemrudisha mstari wa mbele. Daftari sasa analiandika yeye, mimi nimebakishiwa kuinua mfuko, kuuweka kwenye mizani ya keki na kusoma nambari kwa sauti. Jana alasiri nikasoma, mbili na gramu mia mbili. Akaacha cherehani, akaja, akainama, akasoma mwenyewe, kisha ndipo akaandika. Hufanya hivyo kila mara. Mimi husogea kando ili aone vizuri.